Ubao wa Nywele

Somo la kwanza nililowapa wale vijana lilikuwa kuumiza ubao. Nilimgawia kila mmoja kipande cha mtumbwi uliooza, nikamwaga sakafuni misumari, visu butu, minyororo ya baiskeli na mawe, kisha nikawaambia wapige. Hakuna aliyesogea. Shuleni kwao kuchora kulikuwa kushika penseli na kunakili chungu kutoka kitabuni, mstari safi, usitoke nje, usichafue. Basi nikachukua mnyororo, nikauzungusha kwenye ngumi, nikauchapa ubao wangu mpaka vibanzi vikaruka. Nikaupitisha kwao.

"Shikeni. Mufunge macho. Munasikia nini?"

"Magamba," akasema mmoja.

"Makovu," akasema msichana aliyekuwa amekaa karibu na mlango.

"Bon. Sasa ile ubao iko na ngozi. Picha yenye haina ngozi ni kivuli tu. Mutu akipitisha mukono, apate kintu."

Darasa letu lilikuwa depo la zamani la samaki hapa Kashikishi, upande wa Zambia, karibu na bandari. Kanisa letu lilikuwa limepewa jengo lile na halijajua la kufanya nalo. Harufu ya samaki mkavu ilikuwa imeingia ukutani, haikutoka hata tulipopaka chokaa. Tulikutana Jumamosi. Wengine walikuwa watoto wa wakimbizi, waliodandia magari ya mizigo kutoka kambini, wengine walikuwa watoto wa Wabemba wa hapa hapa ziwani. Mimi ni mtu wa ng'ambo, upande wa Kongo. Nilisomea sanaa Lubumbashi nikiwa binti, nikaolewa, tukavuka ziwa Mweru bunduki zikilia nyuma yetu, na mume wangu akafia huku kwa malaria. Riziki yangu ni kuandika vibao vya saluni, maduka ya dawa na bucha. Watu waliniita mama wa vibao.

Kazi ya kupiga waliielewa upesi kuliko nilivyotegemea. Bandari yenyewe ni mahali pa vipigo. Mitumbwi inagonga mchanga, wanaume wanaponda vichwa vya kambale kwa rungu, akina mama wanapasua matumbo ya samaki huku wamebeba watoto mgongoni, na mashua yenye mzigo mzuri ikifika, wachuuzi wanaingia majini na nguo zao na kusukumana mpaka mmoja anazama. Nimeona mwanamke akimng'ata mwenzake bega kwa ajili ya beseni moja la chisense, vile visamaki vidogo tunavyoanika mchangani. Vijana wangu walikulia hapo. Nguvu walikuwa nazo. Nilichotaka kuwafundisha ni kuipima.

Mmoja wao, kijana mrefu, mtoto wa mvuvi wa Kibemba, alipiga pigo lake la kwanza akaupasua ubao vipande viwili. Wenzake wakacheka. Nikampa mwingine. Akaupasua tena.

"Nani umemukasirikia?" nikamuuliza.

"Hakuna, titcha."

"Basi usipige kama eko mutu. Piga halafu usikilize. Ubao itakuambia kama inatosha."

Alikaa na ubao wa tatu kwa muda mrefu. Akauchanja kidogo kidogo kwa ncha ya msumari, akaufuta kwa jivu, akauchanja tena. Baada ya wiki kadhaa kulikuwa na kiganja cha mkono ndani ya ule ubao, kipana, chenye mifereji mirefu iliyokatwa na kamba za nyavu, na sugu alizozitengeneza kwa lami. Hakusema ni mkono wa nani. Nilikuwa nimemwona baba yake akivuta nyavu, kwa hiyo sikuuliza.

Msichana wa karibu na mlango hakupenda kupiga. Alikuwa na miaka kumi na sita. Wazazi wake walilima mihogo kambini, naye aliishi na shangazi yake mjini, mwenye saluni ng'ambo ya barabara, akimfagilia na kumsaidia kusuka. Yeye alipenda kubandika: maganda ya mayai, mchanga, nyavu zilizochanika, magamba, unga wa msumeno. Siku moja akanisogelea.

"Madamu, naweza kuleta nywele?"

"Nywele ya nani?"

"Ya batu. Ya saluni. Shangazi anachomaka kila jioni, moshi yake inanuka mubaya."

Nikamwambia alete. Baadaye watu wengi wameniuliza kwa nini niliruhusu, polisi, mchungaji, hata dada yangu kwenye simu. Niliruhusu kwa sababu lilikuwa wazo zuri. Hata leo naliona zuri.

Ulikuwa mfuko mzima wa mahindi umejaa nywele, na yule kijana mrefu alimbebea begani kwa kuwa alipita hapo saluni akija darasani. Msichana alizitenga, na kwa kuwa aliishi ng'ambo ya barabara tu, alikuja hata jioni za katikati ya wiki na mifuko mingine midogo. Nywele fupi za wanaume, zile zinazoanguka chini ya mashine, alizinyunyiza juu ya gundi mbichi, zikawa kama maji yanayotetemeka. Nywele ndefu alizisokota, akazilaza safu juu ya safu, akizikandamiza kwa mgongo wa kijiko, mpaka yakatokea mawimbi yaliyoinuka hasa kutoka kwenye ubao, meusi, yenye kung'aa pale mwanga ulipogusa. Chini aliweka udongo mwekundu wa kichuguu uliochanganywa na gundi, ukashuka kama michirizi. Lilikuwa ziwa letu siku ya dhoruba. Sijawahi kuona mtu wa umri wake akitengeneza kitu kama kile. Tukauegemeza ukutani ukauke, karibu na kile kiganja na ubao wa mwenzao mmoja aliyepanga taya za samaki na meno yake yote ndani ya lami.

Sisi tulikuwa tumeviona vikikua kidogo kidogo. Hatukujiuliza mtu akivikuta ghafla ataona nini.

Ilikuwa Alhamisi mdogo wake yule kijana mrefu alipopotea. Mtoto wa miaka kama mitano, kitinda mimba wao. Alikuwa akicheza pale wanapoanika chisense, kisha hakuonekana. Jioni mama yake alipita nyumba kwa nyumba akiita. Ijumaa mji mzima ulitafuta. Mimi pia niliingia kwenye matete pamoja na akina mama, maji mpaka kiunoni, tukipekua kwa vijiti. Huko huko kwenye matete nilianza kuisikia ile habari. Kwamba kuna Wakongomani wananunua vichwa vya watoto. Kwamba wanavusha usiku. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alisema hayo kwa Kibemba, akageuka, akaniona, akanyamaza.

Mchana ule mtu mmoja aliyekuwa akitafuta alichungulia depo letu kupitia ufa wa dirisha. Aliona nywele za watu, meno, wekundu unaochirizika, na mkono.

Jumamosi asubuhi nilifungua darasa kwa sababu watoto walikuja. Yule kijana mrefu hakuwepo. Alikuwa ziwani na wajomba zake wakitafuta. Hatukufanya kazi. Tulikaa tukamwombea yule mtoto, kila mmoja kwa lugha yake. Tulikuwa hatujamaliza jiwe la kwanza lilipoanguka juu ya bati.

Nilidhani ni embe. Kisha likaja la pili, halafu mengi kwa pamoja, na sauti za watu. Nilichungulia. Barabara ilikuwa imejaa. Walishika makafi, mapanga ya kukatia kuni, matofali. Nyuso nilizijua. Kulikuwa na fundi baiskeli ambaye nilimwandikia kibao chake, na mwanamke niliyekuwa naye kwenye matete.

"Chini!" nikawaambia vijana. "Chini ya meza!"

Katikati ya depo kuna meza ya saruji waliyokuwa wakisafishia samaki zamani. Wakasukumana chini yake, wamekumbatiana, wengine wakilia. Mimi nikaegemea mlango. Shoka likapita kwenye ubao karibu na sikio langu, likavutwa, likapita tena. Mlango ukang'oka, nikaanguka nao.

Walioingia mbele walisimama ghafla. Walikuwa wanatazama ukutani. Mimi nikiwa chini nikadhani wameelewa, wanaona ni picha tu. Kisha mwanamke mmoja akapiga ukelele ambao bado nausikia.

"Nywele! Nywele za batoto!"

"Muloshi!" wakaanza wengine, maana yake mchawi. "Muloshi! Muloshi!"

Baba wa mtoto alikuja mbele. Alikuwa mtu wa kifua kipana, midomo yake imepasuka kwa jua, macho mekundu kwa kutolala. Mkononi alikuwa na kafi. Hakupiga kelele kama wengine. Aliniuliza taratibu, kwa Kiswahili cha sokoni:

"Mutoto yangu iko wapi?"

"Baba, sijue fasi eko. Hata mie nilimutafuta jana. Ile nywele ni ya saluni, ni ya kazi ya batoto."

"Mutoto yangu iko wapi?"

"Baba, nakuapia kwa Mungu..."

Niliinua mkono wa kushoto kujikinga. Kafi lilishuka. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia maumivu, sauti kavu, kama kuni. Mkono ulipinda mahali ambapo hakuna kiungo. Nilitapika. Mtu akanikamata kwa chitenge, mwingine kwa nywele zangu mwenyewe, wakaniburuta juu ya vipande vya mlango mpaka nje, na kila aliyeweza kunifikia alinipiga. Kiatu mdomoni. Fimbo mgongoni. Tofali lilinipata kwenye nyonga na mguu ukafa ganzi. Nilikuwa nikisema jina la Yesu na damu inaniingia kooni. Mtu mmoja akauliza nani ana petroli.

Hapo ndipo yule msichana alipotoka chini ya meza. Angeweza kubaki. Wenzake walimshika gauni, wakaniambia baadaye, likachanika mikononi mwao.

"Njo mie!" akapiga kelele. "Ile nywele nilileta mie! Ni ya saluni ya shangazi! Mumuulize shangazi!"

Wakamkamata. Saluni ilikuwa hapo hapo, ng'ambo ya barabara, na kibao chake nilikiandika mimi. Mimi nilikuwa nimelala chini, mguu wa mtu uko shingoni mwangu, lakini uso wangu ulielekea upande ule, kwa hiyo niliona yote. Shangazi alikuwa mlangoni, kitana mkononi. Wakamsukuma msichana mbele yake.

"Huyu anasema nywele ni ya hapa. Ni kweli?"

Shangazi alimtazama mtoto wa kaka yake. Akatazama matofali. Akatazama dumu la petroli ambalo lilikuwa limeshafika.

"Mie nywele nachomaka," akasema. "Kila siku nachomaka. Huyu mutoto, ile yake sijue anaipata wapi."

Akarudi ndani. Nikasikia komeo.

Nimejaribu kumchukia yule mwanamke, na kuna siku naweza. Ana watoto wanne mle ndani. Yeye pia ni Mkongomani.

Walimpiga msichana kama wanavyopiga samaki mkubwa asiyetaka kufa. Alijikunja akiwa amefunika kichwa kwa mikono, na walipoivuta ile mikono jiwe likampiga jichoni. Hakulia tena baada ya hapo. Nilijaribu kutambaa. Aliyenikanyaga akakandamiza zaidi, na mchanga ukaniingia puani.

Kisha kijana mrefu akatokea upande wa ziwa. Walikuwa wamesikia kelele kutoka majini wakapiga makafi kuja, wakidhani mtoto amepatikana. Alikuwa amelowa mpaka kifuani. Aliwapita watu kwa mabega, akamfikia msichana, akasimama juu yake, miguu yake huku na huku, na kuanza kupayuka kwa Kibemba. Alisema ule mfuko aliubeba yeye. Kwamba yeye mwenyewe aliupokea mlangoni pa saluni kutoka mkononi mwa shangazi. Kwamba kama ni uchawi, basi yeye ni mchawi, waanze na yeye. Halafu akamgeukia baba yake.

"Tata, ule mkono ulio ukutani ni wako! Niliuchonga mimi! Nenda ukautazame, ni mkono wako!"

Baba yake alimpiga. Sijui kama alikusudia kumpiga yeye au kumwondoa njiani. Kafi lilimpata kichwani juu ya sikio, na kijana akaanguka juu ya msichana kama gunia. Damu ilitoka nyingi na haraka, ikashuka kwenye fulana yake iliyolowa, ikasambaa.

Watu wakarudi nyuma. Mmoja, halafu wengi. Ilikuwa kana kwamba wote walikumbuka kwa pamoja huyu ni nani, kwamba wamekuja kwa ajili ya mtoto wa mtu huyu na sasa mtoto wake mwingine yuko chini. Baba alibaki amesimama na kafi. Akamwita mwanawe jina lake, mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Polisi walipofika na gari lao wakifyatua risasi hewani, yeye peke yake hakukimbia.

Waliokimbia hawakwenda mbali. Polisi walipokuwa wakitupakia garini, wengine waliingia depo kwa nyuma, wakatoa vibao vyote, wakavirundika ufukweni na kumwagia ile petroli. Tulipita karibu. Nywele zikiungua zina harufu ambayo haifanani na kitu kingine. Msichana alikuwa amelala mapajani mwangu, jicho lake moja limefumba, lingine sikuweza kulitazama.

Wao wawili walipelekwa hospitali. Mimi nilipelekwa kituoni, mkono umefungwa na kipande cha katoni. Askari waliniambia ni kwa usalama wangu, lakini waliniuliza maswali kama mtu aliyeshtakiwa. Ni nani ananituma. Navuka ziwa mara ngapi. Nina kanisa gani. Nilijibu nikiwa natetemeka kwa homa, na nilipoomba maji niliambiwa nimalize kujibu.

Jumapili asubuhi askari mmoja alikuja akafungua. Alikuwa mtu mzima, alivua kofia yake.

"Mama, mtoto amepatikana. Kwenye matete, upande wa chini. Ni maji tu yamemuua. Hana hata mchubuko."

Nilimwuliza kama naweza kwenda hospitali sasa. Akasema ndiyo. Nilienda kwa miguu, kwa kuwa sikutaka kupanda gari lao tena, na njia nzima watu walikuwa wakiingia ndani ya nyumba zao nilipokaribia.

Jicho la msichana lilitolewa. Nilimkuta amefungwa kichwa kizima isipokuwa upande mmoja wa uso. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake, plasta yangu ikiwa bado mbichi.

"Madamu. Kibao?"

"Walikichoma."

"Yote?"

"Yote, mama yangu."

Akageukia ukuta. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Wimbi ya chini ilikuwa haiyakauka bado."

Shangazi yake alikuja siku iliyofuata na uji kwenye chupa. Alisimama miguuni pa kitanda, hakuweza kusogea. Msichana alinyoosha mkono. Shangazi akampa kikombe. Alikunywa uji wote, akarudisha kikombe. Mimi nisingekunywa.

Kijana mrefu alishonwa kichwa, akakaa siku chache wodi ya wanaume asijue yuko wapi, kisha akili ikamrudia. Alikosa mazishi ya mdogo wake. Alipotoka hakurudi nyumbani. Mjomba wake alimchukua moja kwa moja mpaka Mununga, kijiji kingine cha ziwani.

Polisi waliniita tena, safari hii kuandikisha maelezo. Kaka mmoja wa kanisani alinishauri niseme sikumwona aliyenipiga. "Mama, sisi ni wageni hapa. Yule mutu amefiwa."

Nilijua amefiwa. Nilikuwa nimelala macho wazi nikimfikiria akimbeba mtoto wake kutoka kwenye matete. Lakini kila nilipofumba macho niliona pia lile jiwe. Nilikwenda nikasema. Aliyenivunja mkono ni huyu. Aliyempiga mwanawe ni huyu. Aliyerusha jiwe la jichoni simjui, lakini waliomshika mikono nawajua, ni huyu, huyu na huyu. Wakakamatwa, wakakaa ndani kidogo, wakaachiwa, kwa sababu katika barabara ile nzima hakupatikana mtu mwingine aliyekuwa ameona kitu. Mpaka leo nakutana na baba yule sokoni. Yeye hutazama pembeni. Mimi sitazami pembeni.

Siku moja mkewe alikuja kwangu. Nilikuwa nje, napaka kibao cha bucha kwa mkono mmoja, ubao nimeubana kwa magoti. Nilipomwona nikashika nyundo. Aliiona, akasimama mbali. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi. Alizungumza kile Kiswahili anachonunulia samaki kwa Wakongomani.

"Sikuje kwa ubaya, mama. Naulizaka kitu moja."

"Uliza."

"Mutoto yangu, ile wiki, nilimupeleka kwa saluni ile. Walimunyoa. Alilia juu ya mashine." Akashika fundo la kitambaa chake. "Ile nywele. Yake ilikuwa mule?"

Nilitaka kusema hapana. Lingekuwa jambo la huruma, na huenda ndilo jibu alilolitaka. Sikuweza kujua kutoka usoni mwake. Lakini nilikuwa nimekwisha kuwaambia polisi kila kitu kama kilivyokuwa, na sikuona kwa nini yeye nimwambie kitu kingine.

"Inaweza kuwa, mama. Mufuko ya mwisho msichana alileta ile wiki. Siwezi kujua."

Akakaa chini, pale pale mchangani, miguu amenyoosha kama wanavyokaa akina mama msibani.

"Ilikuwa picha ya nini?"

"Ya ziwa. Siku ya mupepo mukali."

Kuku walipita kati yetu.

"Basi ziwa lilimuchukua mara mbili," akasema.

Hatukulia pamoja, wala hatukushikana mikono. Aliomba maji ya kunywa, nikampa, akanywa nusu, nyingine akanawa uso. Alipoinuka aliniambia mwanawe yuko Mununga kwa mjomba, na kwamba hajamtumia hata salamu. Hakuniomba niende. Nilijua kwa nini ameniambia.

Nilisubiri plasta itoke. Mkono haukunyooka vizuri. Hata sasa siwezi kuinua sufuria ya maji kwa huo. Wakati huo tulikuwa tumeanza tena, si Kashikishi, kambini, kwenye kibanda cha soko ambacho wenyeji wa kambi walituachia siku isiyo ya gulio. Wazazi wengi walikataa. Waliokuja walikuwa wachache, na wa Kibemba alikuwa mmoja tu, aliyeletwa na mama yake kwa mkono. Msichana alirudi kuishi na wazazi wake, akawa anakuja. Siku ya kwanza nilipogawa mawe na minyororo wakaanza kupiga, nilitoka nje nikashikilia nguzo mpaka moyo ulipotulia. Niliporudi yeye alikuwa anazunguka katikati yao, kichwa amekiinamisha upande ule unaoona, akiwaambia maneno yangu kwa sauti yake: piga halafu usikilize. Yeye mwenyewe alikuwa hajagusa ubao. Sikumsukuma.

Basi nikapanda gari la samaki kwenda Mununga.

Nilimkuta kijana mrefu ufukweni, chini ya mtumbwi uliopinduliwa, anaziba nyufa. Alikuwa anapigilia pamba yenye lami kwa patasi na nyundo. Nywele zilikuwa hazijaota vizuri pale waliposhona. Alinitambua akasimama, na jambo la kwanza alilofanya ni kutazama mkono wangu.

"Titcha."

"Mwanangu."

Alinitafutia kigoda cha mjomba wake. Tuliongea habari za njia, na samaki, na mvua. Nikamwambia mama yake alikuja kwangu. Akaendelea kuziba.

"Alisema nini?"

"Kwamba haumutumie hata salamu."

"Nikienda nyumbani, tata atakuwa pale."

"Ndiyo, atakuwa pale."

"Siku ile aliniuliza." Alikuwa anasema kwa Kibemba sasa, na ilibidi nisogee kumsikia. "Ijumaa, kwenye mtumbwi. Aliniuliza kuna nini kwenye lile depo lenu. Nikamwambia, kuna nywele, rafiki yangu ametengeneza ziwa kwa nywele. Nilijua atacheka. Nilitaka acheke kidogo." Akatazama patasi. "Jicho la rafiki yangu?"

"Walilitoa."

"Lote?"

"Lote."

Nilimwona akiinua nyundo, nikajikunja. Mwili wangu ulifanya hivyo wenyewe. Aliona. Akaiweka chini, akakaa mikono kati ya magoti. Ndipo nikamwambia kwamba kama asingesimama juu ya yule msichana, sisi wawili tungechomwa na petroli ile ile iliyochoma vibao. Nilimwambia msichana ndiye aliyenituma nimwambie hivyo, na ilikuwa kweli. Nilimwambia kuna nafasi yake kambini, ya kuja Jumamosi na kurudi, asilazimike kupita kwao.

"Bado, titcha," akasema. "Kwanza nimalize huu. Mwenyewe anautaka majini kabla ya mvua."

"Upande ule mwingine haushikwi na mtu," nikasema.

"Mkono wako?"

"Huu mwingine mzima."

Akaniambia niegemeze bega kwenye ubao usiruke. Nikaegemea. Alianza kupigilia tena, taratibu mwanzoni, akinitazama kila mara, kisha kama kazi inavyotaka. Tulimaliza ufa mmoja, tukaingia wa pili. Gari la kurudi Kashikishi lilipopiga honi barabarani nililiacha lipite.